Mimi ndiye ninayekaa chumbani mzazi anapokuja kumwona mtoto kwa amri ya mahakama: uzi kuhusu kazi hii hapa Nairobi

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, hamjambo. Nimesoma nyuzi kadhaa humu ambamo wazazi waliotengana wanalalamikiana kuhusu kuwaona watoto, na mara nyingi mtu huandika kwamba mahakama imeamuru mzazi aonane na mtoto mbele ya mtu mwingine, kisha mjadala huishia hapo, pasipo yeyote kuuliza huyo mtu mwingine ni nani na anafanya nini. Kwa miaka sita sasa nimekuwa huyo mtu. Kila Jumamosi hukaa katika chumba kimoja hapa Nairobi ambamo mzazi huja kuwa na mtoto wake kwa saa moja au mbili, na kazi yangu ni kuwepo, kuona, kusikia na kuandika. Kituo sitakitaja, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili familia zinazopita pale zisitambulike, lakini ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu.

Watu hutufikia kwa njia mbalimbali. Wengi huja na amri ya Mahakama ya Watoto ya Milimani, wengine huelekezwa na afisa wa watoto wa eneo lao baada ya kuandikiana makubaliano ya malezi, na wachache huja kwa sababu mawakili wao wameafikiana hivyo. Sababu zao hazifanani. Kuna nyumba iliyokuwa na kipigo, kuna ulevi, kuna mzazi aliyewahi kumchukua mtoto shuleni na kutoweka naye kwa siku kadhaa, kuna tuhuma nzito ambazo bado hazijathibitishwa wala kukanushwa. Tena kuna, na hawa ni wengi kuliko watu wanavyodhani, wazazi ambao hawajamkosea mtoto kwa lolote isipokuwa wamekaa mbali naye hadi hawafahamiani. Hawa wa mwisho huumia sana wanapolisikia neno uangalizi, nami huwa nawaeleza mapema kwamba kwao uangalizi ni daraja la kumfikia mtoto, na kwamba daraja hilo limewekwa kwa ajili ya miguu ya mtoto, ambayo ni mifupi.

Sheria haina utata mkubwa katika jambo hili. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inasema kila mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na kwamba wajibu huo ni wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inafuata msingi huohuo na kutanguliza maslahi ya mtoto kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unaeleza katika ibara yake ya 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo jambo hilo linamdhuru. Naomba tutazame vizuri mwenye haki hiyo ni nani. Ni mtoto. Wazazi wanaokuja kwetu wakisema “nimekuja kuchukua haki yangu” huanza vibaya hata kabla hawajaketi.

Shida ya Nairobi ni mahali. Amri ikishatoka, familia nyingi hazina pa kwenda. Nimesikia ya watoto walioonana na baba zao kwenye sehemu ya kula ya jumba la maduka, mama akiwa meza ya tatu amekunja mikono. Wengine katika ua wa kituo cha polisi, mbele ya watu waliokuja kuripoti wizi. Wengine sebuleni kwa mkwe, ambako kila mjomba ana neno la kusema. Nchini Uingereza vituo vya namna yetu vilianza katika miaka ya 1980, vingi vikiwa ndani ya kumbi za makanisa na kuendeshwa na watu wa kujitolea, na mwaka 1991 vikaunda chama chao cha kitaifa. Wao hutofautisha mikutano inayosaidiwa tu, ambapo familia kadhaa huwa katika ukumbi mmoja na wafanyakazi wako karibu lakini hawaandiki kila kitu, na mikutano inayoangaliwa, ambapo mfanyakazi hamwachi mtoto atoke machoni wala masikioni mwake. Sisi hufanya hii ya pili, na nadhani Nairobi ina uhaba mkubwa zaidi wa ile ya kwanza, ambayo haihitaji gharama kubwa.

Nikiulizwa kazi hii iko wapi hasa, nitajibu kwamba iko mlangoni, katika robo saa ya kwanza na robo saa ya mwisho. Mzazi anayekuja kumwona mtoto hufika saa tatu na dakika arobaini na tano. Huonyesha kitambulisho, huweka simu kwenye droo yenye kufuli, hunionyesha alichobeba, kisha huketi. Saa nne kamili mtoto huletwa kwa lango la upande wa pili. Wakati wa kuondoka mtoto hutangulia, na mzazi aliyebaki hukaa nasi robo saa nyingine kabla ya kuruhusiwa kwenda stejini. Kwa mpango huo wazazi hawakutani, na hakuna anayemfuata mwenzake hadi kwenye matatu. Panapokuwa na amri ya ulinzi chini ya Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015, robo saa hiyo inaweza kuwa ndiyo inayookoa maisha.

Hata pale ambapo hakuna hofu ya kipigo, lango ndipo mtoto anapovuka kutoka kwa mtu mmoja anayempenda kwenda kwa mwingine, na anavuka akiwa amebeba sura ya yule anayemwacha. Nimemwona mama mmoja akipiga magoti, akamfunga mtoto kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, akamwambia, “Ukiogopa, niite, niko hapa nje.” Alisema kwa upendo, sina shaka. Lakini mtoto wa miaka mitano alichosikia ni kwamba ndani kuna jambo la kuogopwa. Siku hizi tunawaomba wazazi mapema, kwa simu, kabla ya siku yenyewe, waseme maneno mafupi yanayomwambia mtoto kitakachofuata: “Utacheza na baba, utakula ndizi zako, ukimaliza utanikuta hapa kwenye benchi.” Kisha wageuke waondoke kweli, wasichungulie dirishani.

Nitasimulia jambo moja. Baba mmoja alikuwa hajamwona kijana wake kwa miezi kumi na minne. Mtoto alikuwa na miaka minne, kwa hiyo hesabuni wenyewe ni sehemu gani ya maisha yake ilipita. Alipoingia alienda moja kwa moja chini ya meza. Baba alikuwa amekuja na gari la plastiki la bei, likiwa ndani ya boksi, akalisukuma chini ya meza. Mtoto akalirudisha kwa mguu. Dakika ishirini zikapita hivyo. Nilimwona mwanaume yule akianza kutazama mlango, nikadhani ataomba kuondoka. Badala yake aliuliza kama tuna magazeti makuukuu na kamba. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na mpira wa juala tuliokulia nao ni shida kuutengeneza siku hizi, lakini tulikuwa na karatasi za mkate, soksi isiyokuwa na mwenzake na kitani cha kufungia magunia. Akaketi sakafuni, mgongo wake ukiwa umeelekea meza, akaanza kusokota. Hakusema neno. Alikunja gazeti, akalitia kwenye soksi, akazungushia karatasi za mkate, akavuta kamba kwa meno. Kamba ilipohitaji kushikwa mahali pa fundo, aliinyoosha nyuma yake bila kugeuka, na kidole kidogo kikatoka chini ya meza kikaibana. Walifunga fundo kumi na moja. Nilizihesabu kwa sababu nilikuwa nikiandika. Siku hiyo hawakucheza mpira wenyewe. Muda uliisha kabla haujakamilika, na mtoto akauliza kama Jumamosi nyingine mpira ule utakuwa bado hapo.

Baba wa Umoja

Dada, nimesoma kwa makini na ninashukuru kwa maelezo, lakini naomba uelewe upande wetu pia. Mimi sijawahi kumpiga mtu. Nililetwa katika kituo kama hicho kwa tuhuma ambazo hadi leo hazijasikilizwa, nikanyang'anywa simu, nikakaa na binti yangu huku mgeni akiandika kila nikipumua. Binti aliniuliza, “Baba, huyu auntie anaandika nini?” Sikuwa na jibu. Nalipa karo, natuma pesa kila mwezi, na bado nahisi kama mfungwa aliyetembelewa.

Mwanzisha uzi

Ndugu, ninakuelewa, na sitakuambia kwamba uchungu huo ni mdogo. Mtu anayechunguzwa kabla ya kuhukumiwa ana sababu ya kuumia. Naomba nikujibu kwa mambo mawili tu.

Kuhusu swali la binti yako, jibu lipo na tunalitoa sisi wenyewe siku ya kwanza, mbele ya mzazi, ili asiachwe peke yake na swali hilo. Huwa namwambia mtoto: “Mimi kazi yangu ni kuhakikisha watoto wako salama na wanafurahi hapa. Ninaandika mliyocheza ili nisisahau.” Mtoto anayetaka kuona daftari humwonyesha, na kama hajui kusoma humruhusu achore ua pembeni ya ukurasa. Kituo ambacho hakikumweleza mtoto hilo kilikuachia mzigo ambao haukuwa wako.

Kuhusu maandishi yenyewe, tafadhali yaone kama shahidi ambaye hana ndugu upande wowote. Nimeshuhudia kina baba kadhaa ambao tuhuma dhidi yao hazikupata ushahidi, na kilichowasogeza mbele mahakamani hakikuwa ufasaha wa wakili. Ilikuwa ni kurasa kumi na mbili za Jumamosi kumi na mbili zinazosema alifika kwa wakati, alimlisha, alimfariji alipojikwaa, hakumuuliza habari za mama yake. Hakimu akisoma kurasa hizo anaona mtu. Asiyekuwa na kurasa hizo ana neno lake tu dhidi ya neno la mwenzake.

Umegusia karo na pesa, nami nataka niseme hapa kwa sababu ndilo jambo linaloleta ugomvi mwingi langoni. Matunzo ni deni la mzazi kwa mtoto, na kuonana ni haki ya mtoto kwa mzazi. Tafadhali yasiuziane. Nimeona mama akimrudisha mtoto nyumbani kutoka langoni kwa sababu pesa za mwezi hazijaingia, na nimeona baba akisoma ujumbe wa M-Pesa kwa sauti mbele ya mtoto wa darasa la pili ili ajue ni nani anayelipa. Mtoto huyo nilimsikia wiki iliyofuata akiuliza, kabla hata hajavua begi, “Baba, leo umetuma?” Alikuwa amegeuzwa karani wa madeni akiwa na miaka saba.

Nyanya wa Kangemi

Mwanangu, mimi sina kituo. Mahakama ilisema baba wa mjukuu wangu awe akija kwangu Jumapili, nami nikae nao. Binti yangu hayupo siku hizo, huenda kanisani mchana. Kijana huja kwa adabu, lakini mimi sikufundishwa kazi hii, na ndugu zangu wananiuliza kwa nini nampikia mtu aliyemtesa mtoto wetu. Nifanyeje ili nisikosee?

Mwanzisha uzi

Shikamoo nyanya. Unafanya kazi ambayo wengi wangeikataa, na unaifanya bila malipo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Kwanza, ndugu wasiwepo. Ikibidi waambie ni agizo la mahakama, kwa maana mahakama ilikutaja wewe, haikutaja ukoo. Kaa mahali unapomwona mtoto na kumsikia, lakini usikae katikati yao. Kiti kilicho pembeni ya mlango kinatosha, na ukiwa na kazi ya mkono kama kuchambua mboga au kufuma, mtoto hatahisi kwamba anachunguzwa. Usimzungumzie kijana habari za kesi mtoto akisikia, naye akianza, mkatishe kwa upole ule wa kwako: “Hayo tutayaongea siku nyingine, mtoto anataka uone daftari lake.” Mtoto akitaka kwenda msalani, wewe ndiye umpeleke, hata kama baba amejitolea. Usidhani unamdhalilisha kwa hilo. Katika kituo chetu ni kanuni kwa wote, baba kwa mama, na humlinda mzazi dhidi ya tuhuma mpya kama inavyomlinda mtoto.

Kuhusu chakula, mpikie. Sijaona kinachomtuliza mtoto kama kuona watu wawili anaowapenda wakila sahani moja ya chakula bila kununiana. Kumlisha mtu si kumsamehe, na ndugu zako wanaweza kuelezwa hivyo. Ila ukisikia harufu ya pombe mlangoni, usimruhusu aingie, usibishane, na umpigie afisa wa watoto wa eneo lenu Jumatatu asubuhi. Kukiwa na hatari ya papo hapo kuna namba 116, ya Childline Kenya, ambayo haina malipo na hupokelewa wakati wote.

Kisha chukua daftari la shule, uandike tarehe, saa aliyofika, saa aliyoondoka, na mambo mawili matatu uliyoyaona. Kama kuandika ni shida, mtu mwingine aandike jioni hiyohiyo ukimsimulia. Asiwe binti yako.

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii

Tafadhali tueleze zaidi kuhusu kuandika. Chuoni tunafundishwa kwamba ripoti isiwe na maoni, lakini nikiwa uwanjani naona haiwezekani. Nikimwona mtoto anatetemeka, nisiseme anaogopa?

Mwanzisha uzi

Nitakujibu kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliandika katika ripoti: “Mtoto alifurahi sana kumwona mama yake.” Niliitwa mahakamani, na wakili wa baba akaniuliza kwa heshima kabisa, “Ulijuaje kwamba alifurahi?” Nikasema alicheka. Akauliza kama watoto hawacheki wakiwa na wasiwasi. Nikanyamaza, kwa sababu nilijua kwamba hucheka, nami nilikuwa nimewaona wakifanya hivyo. Ripoti nzima ilitiwa shaka kwa sababu ya neno moja, na mama yule, ambaye mtoto alifurahi kweli kumwona, akapoteza ushahidi uliokuwa wake.

Tangu siku hiyo huandika kilichofanywa na mwili na kilichotamkwa na mdomo, pamoja na saa yake. “Saa nne na dakika mbili mtoto alikimbia kutoka mlangoni hadi kwa mama, akamkumbatia shingoni, akasema: nimeng'oka jino.” Anayesoma atajua mwenyewe kama ni furaha. Huyo wako anayetetemeka, andika ni mikono au ni mwili mzima, ilianza lini, nani alikuwa akisema nini, na ilikoma lini. Huenda ni baridi, kwa maana Julai ya Nairobi mnaijua. Andika pia yale yasiyoipendeza nafsi yako: mzazi unayemhurumia akimnong'oneza mtoto, liandike, na mzazi usiyempenda akifanya jambo jema, liandike kwa urefu uleule. Maoni yako mwambie msimamizi wako baada ya wote kuondoka, kwa sababu usipoyatoa mahali fulani yataingia kwenye karatasi yenyewe.

Nasisitiza na suala la lugha, kwa kuwa kwetu hapa ni zito kuliko vitabu vya ng'ambo vinavyoeleza. Kanuni inasema mzazi azungumze lugha ambayo mwangalizi anaielewa. Kwa jiji ambalo mtoto mmoja anaweza kusikia Kiswahili shuleni, Kikamba kwa nyanya na Dholuo kwa baba, kanuni hiyo ikisomwa kwa haraka humnyang'anya mzazi lugha anayombembelezea mtoto. Tulikuwa na mama aliyelazimishwa kuongea Kiswahili na mtoto wake, na walikaa kama watu waliokutana benki. Tulipompata mfanyakazi anayejua Kisomali akaketi badala yangu, mama alianza kuimba kabla hajavua viatu. Kazi ya kituo ni kumtafuta mwangalizi anayefaa familia, na ratiba ipangwe kwa kuzingatia hilo.

Wakili wa watoto

Niongeze jambo moja kutoka upande wetu. Ugomvi mwingi unaorudi mahakamani hutokana na amri zisizo na maelezo. Amri inayosema tu kwamba mzazi apewe nafasi ya kumwona mtoto inavyofaa ni mwaliko wa vita. Ombeni amri itaje siku, saa, mahali, nani atamleta mtoto, nani atakuwepo, nini kitafanyika mtu akichelewa, na tarehe ya kuipitia upya.

Mwanzisha uzi

Asante wakili. Hilo la kuchelewa ni kweli kabisa. Mvua ikinyesha na Barabara ya Jogoo ikafungana, mtu wa Kayole hatafika saa nne hata akiondoka alfajiri. Sisi huruhusu dakika thelathini, mradi simu ipigwe, na ninaandika sababu aliyoitoa. Mtoto hasubiri chumbani muda huo. Husubiri uani akicheza, ili asikae akitazama mlango.

Mama wa Kayole

Mtoto wangu ana miaka tisa na amekataa kabisa kuingia. Jumamosi mbili amelia langoni. Baba yake anadai nimemjaza maneno. Naapa sijamwambia lolote. Je, ninalazimika kumsukuma ndani?

Mwanzisha uzi

Pole sana mama. Hapana, hakuna mtoto anayesukumwa ndani katika kituo kinachoijua kazi yake, na akiburutwa mara moja mlango ule hautafunguka tena moyoni mwake. Lakini pia sisi hatumrudishi nyumbani mara tu anapolia. Huwa natoka nje, nakaa kwenye benchi, sio karibu sana, na kumuuliza maswali madogo yenye majibu: ungependa baba akae upande gani wa chumba? Ungependa mlango uwe wazi? Ungependa dakika kumi tu leo? Mtoto wa miaka tisa akipewa nafasi ya kuamua jambo moja la kweli, mara nyingi huweza kuvumilia mengine. Kuna aliyekubali kwa sharti kwamba baba asimwite kwa jina la utotoni. Baba aliumia, akakubali, na wakaanza.

Akikataa hata hayo, namsikiliza na kuandika maneno yake kama alivyoyasema. Sheria ya 2022 inataka mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni yake katika jambo linalomhusu, na maoni hayo yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake, kwa hiyo maneno hayo yana uzito na yanafaa kumfikia hakimu bila kupitia kinywani mwako wala mwa baba yake. Kuhusu madai kwamba umemjaza maneno, sitasema ni kweli wala si kweli, maana sikuwapo. Ninachokuomba ni kwamba umlete kila Jumamosi iliyoandikwa, hata akilia, ili rekodi ionyeshe kwamba wewe ulifika. Na nyumbani, Ijumaa jioni, usimuulize kama ataenda. Swali hilo ni zito mno kwa mtoto. Mwambie tu kwamba kesho mtafika langoni na auntie atawapokea.

Mzee wa kanisa, Kasarani

Sisi tuna ukumbi ambao haufanyi kazi Jumamosi, na akina mama wawili waliokuwa walimu wa chekechea wako tayari kujitolea. Tungependa kuanza ile mikutano inayosaidiwa uliyoitaja. Tunahitaji nini?

Mwanzisha uzi

Mzee, umenifurahisha kuliko nilivyotarajia nilipoufungua uzi huu. Anzeni na afisa wa watoto wa eneo lenu, ajue mpo na awaambie ni familia zipi zinazofaa, kwa maana familia yenye hatari kubwa isiletwe kwenye ukumbi wa wazi. Wote watakaohudumu wawe na cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, hata kama mmewajua miaka ishirini. Mwe na malango mawili au, ikishindikana, saa mbili tofauti za kuingia. Choo kiwe karibu na kionekane. Vitu vya kuchezea visiwe vingi wala vya bei. Vitu vinavyohitaji mikono miwili ndivyo vizuri zaidi, kama kamba, karatasi, unga wa kufinyanga, mchezo wa bao, kwa sababu humfanya mzazi na mtoto wahitajiane. Jiko dogo la kuchemsha chai litasaidia sana. Picha zisipigwe kabisa wakati familia zikiwepo, hata za upande wa ukumbi usio na mtu.

Umeuliza pia, kwenye ujumbe wako wa faragha, kama familia hukaa nasi milele. Hapana. Yule baba wa mpira alikuja kwa miezi minane. Baadaye mahakama iliruhusu wakutane kwetu kwa kupokezana tu, mtoto akiletwa na kuchukuliwa langoni bila sisi kukaa nao, na sasa hawaji. Mpira waliuacha kabatini, na watoto wengine wameshaufungua na kuufunga upya mara nyingi, soksi imebaki ileile.

Na saa ya ukutani, mzee, itundikeni nyuma ya mahali mtoto anapopenda kuketi, ili mzazi aweze kuiona bila mtoto kumwona akiitazama.